Nansen hakuwa na fedha, alikuwa na karatasi

Tangu Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje mwanzoni mwa 2025, habari kutoka kambi za wakimbizi za ukanda wetu zimekuwa za sura moja. Kakuma mgao wa chakula ulipunguzwa, kisha ukapunguzwa tena, na watu wakaingia barabarani kulalamika. Juni ya mwaka huo UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa linalohudumia wakimbizi, likatangaza kufuta nafasi za kazi zipatazo 3,500. Jambo hili likijadiliwa, redioni au magazetini, hakosi mtu wa kulitaja jina la Fridtjof Nansen, Mnorwe aliyekuwa msafiri wa barafuni kabla ya kuwa kamishna wa kwanza wa wakimbizi duniani, yule ambaye tuzo ya UNHCR ya kila mwaka inaitwa kwa jina lake. Hutajwa kama anavyotajwa marehemu msibani. Zama zake zimepita, tunaambiwa; wenye fedha wamekunja mikono, na pasipo fedha hakuna la kufanya ila kuwarudisha watu walikotoka.

Hoja hiyo inamsoma Nansen kinyumenyume. Kazi yake kubwa aliifanya wakati ambapo hapakuwa na fedha, na alipoomba fedha nyingi alinyimwa. Alichofanikisha ni karatasi: ukurasa mmoja wenye jina na muhuri, uliomwezesha mtu asiye na nchi kuvuka mpaka, kupanga chumba na kuomba kazi. Baadaye sehemu ya gharama za utaratibu huo ilibebwa na wakimbizi wenyewe. Anayemtafuta Nansen leo kwenye ghala la unga lililobaki tupu anapotea njia. Amtafute kwenye ofisi za serikali zetu, ambako karatasi za namna hiyo hutolewa kwa nadra na kwa taabu, na ambako kilichopungua si dola.

Kuelewa kwa nini mtu huyu aliwaza karatasi kabla ya sadaka, ni lazima tuanzie barafuni. Najua kwamba kwa msomaji wa Afrika Mashariki neno "mpelelezi", kwa maana ya mvumbuzi wa nchi ngeni, lina doa lake. Akina Stanley walipita, wakachora ramani, na nyuma yao zikaja bendera. Nansen alikwenda kusikokaa mtu, naye alikuwa mwanasayansi kabla ya yote. Alizaliwa mwaka 1861 kwenye shamba jirani na mji tunaouita leo Oslo, akasomea zoolojia, akafanya kazi katika makumbusho ya Bergen akichunguza chembe za mishipa ya fahamu kwa darubini, na akatetea tasnifu yake ya udaktari mwaka 1888, siku chache tu kabla ya kuondoka kwenda kuvuka Greenland. Waliokuwa wamejaribu kuivuka kabla yake walianzia pwani ya magharibi, palipo na makazi ya watu, ili wakishindwa wawe na pa kurudi. Nansen aligeuza safari. Alianzia mashariki, upande usio na bandari wala meli ya kumsubiri, ili kurudi nyuma kuwe kugumu kuliko kusonga mbele. Walikuwa sita, wakiwemo Wasami wawili, wenyeji wa kaskazini ya mbali ya Norwei, Samuel Balto na Ole Ravna, walioijua theluji kama sisi tunavyoujua udongo. Walifika Godthaab, ambayo leo ni Nuuk, mwanzoni mwa Oktoba, wakiwa wamechelewa meli ya mwisho. Majira yote ya baridi Nansen aliyatumia kwa Wainuiti, wenyeji wa Greenland, akijifunza kuendesha kayaki, mtumbwi wao mwembamba, na kuishi kwa kile walichoishi nacho wao.

Lakini wazo linalomweleza zaidi ni lile la meli ya Fram. Mwaka 1881 meli ya Kimarekani iitwayo Jeannette ilipondwa na barafu ikazama kaskazini mwa Siberia. Miaka mitatu baadaye, kusini-magharibi mwa Greenland, upande mwingine kabisa wa bahari hiyo, vikaonekana vitu vyake juu ya kipande cha barafu: orodha ya vyakula yenye sahihi ya nahodha, na suruali ya mvua iliyoandikwa jina la baharia. Wengine waliona mabaki ya ajali. Nansen aliona mkondo. Ikiwa barafu imeivusha suruali Bahari ya Aktiki, alisema, itamvusha na mtu, mradi awe ndani ya chombo kisichopondeka. Fundi Colin Archer akamjengea meli yenye tumbo la mviringo kama kifuu cha nazi, ili barafu ikiikaba iteleze chini yake na kuiinua juu. Mmarekani Adolphus Greely, aliyekuwa na sifa kubwa katika mambo ya Aktiki, alisema mpango huo haukuwa na mantiki na ulikuwa njia ya kujiangamiza. Katika jumuiya ya wanajiografia ya London, mabaharia wazee walitikisa vichwa. Wote walikuwa wamezoea kupigana na barafu; huyu alitaka kujikabidhi kwake. Juni 1893 Fram iliondoka na watu 13, Septemba ikagandia kaskazini mwa Siberia, na kwa karibu miaka mitatu ikabebwa taratibu. Agosti 1896 ilichomoka upande wa pili, nzima, na watu wake wote hai.

Nansen mwenyewe hakuwemo tena. Mwendo ulikuwa wa pole mno, na mkondo haukuelekea kwenye Ncha ya Kaskazini yenyewe. Machi 1895 aliiacha meli pamoja na Hjalmar Johansen, wakiwa na mbwa 28, sleji tatu za kukokotwa juu ya barafu na kayaki mbili. Walifika nyuzi 86 na dakika 14 kaskazini, mbali kuliko binadamu yeyote aliyejulikana kufika hadi siku hiyo, wakageuka. Siku chache baadaye wakaamka na kukuta saa zao zote mbili zimesimama. Kwa uchovu walikuwa wamesahau kuzitia funguo. Baharini saa ndiyo longitudo: pasipo saa sahihi huwezi kujua umefika wapi mashariki au magharibi. Tangu hapo hawakujua kwa hakika walipo. Mbwa walichinjwa mmoja mmoja kuwalisha waliobaki. Majira ya baridi yaliwakuta kwenye visiwa vya Franz Josef, wakajenga kibanda cha mawe chenye paa la ngozi ya walrasi, yule mnyama wa bahari ya baridi mwenye pembe mbili mdomoni, na humo wakaishi kwa nyama ya dubu hadi Mei. Juni 1896 Nansen akasikia mbwa wanabweka. Mbele yake akatokea Mwingereza, Frederick Jackson, kanyoa ndevu, ananukia sabuni. Nansen alikuwa mweusi kwa masizi ya mafuta ya walrasi, nywele zikimwangukia mabegani. Jackson alimtazama kwa muda, kisha akamuuliza kama yeye si Nansen. Alikuwa hata na barua zake, zilizotumwa kutoka Norwei kwa kubahatisha.

Tukio hilo huandikwa kama kisa cha bahati njema, na bahati ilikuwepo. Mimi naliona pia kama mahali pa kuanzia kumwelewa yule kamishna wa Geneva. Kabla ya kukutana na wakimbizi, Nansen alikwisha kuwa mtu asiyejua yuko wapi wala leo ni tarehe ngapi, mchafu kiasi cha kutisha, asiye na chochote cha kumthibitishia mgeni kuwa yeye ndiye. Aliokolewa kwa sababu mtu mmoja aliitambua sura yake na kutamka jina lake. Sidai kwamba aliwaza hivyo mwenyewe. Sijapata kuona popote akiunganisha mambo hayo mawili. Lakini aliyewahi kuwa pale anajua kwamba kutambuliwa ni jambo la uhai na kifo, na hawezi kuliona kuwa ni urasimu.

Aprili 1920 Shirikisho la Mataifa, lile lililoutangulia Umoja wa Mataifa, lilimkabidhi kazi ya kuwarudisha makwao wafungwa wa Vita Kuu ya Kwanza, wengi wakiwa wamekwama Siberia miaka kadhaa baada ya bunduki kunyamaza. Alikuwa na umri wa miaka 58, tayari ameshakuwa balozi wa Norwei mjini London, na alikuwa mmoja wa waliomshawishi mwanamfalme wa Denmark akubali kuwa mfalme wa Norwei mwaka 1905. Kwa chini ya miaka miwili na nusu aliwarudisha zaidi ya watu 400,000. Alifanya hivyo kwa kukopa meli, kuzungumza na Wabolsheviki, wakomunisti walioitwaa Urusi, ambao serikali nyingi za Ulaya hazikutaka hata kuwasalimia, na kujaza meli pande zote: Warusi kwenda mashariki, Wajerumani na Waaustria kurudi magharibi kwa chombo kilekile. Hapo unaiona Fram. Hakuanza kwa kuuliza dunia ingepaswa kuwaje. Aliuliza mkondo tayari unaelekea wapi, kisha akatafuta chombo cha kuweka juu yake.

Mwaka 1921 akaongezewa Warusi waliokimbia mapinduzi na vita vya wenyewe kwa wenyewe, zaidi ya milioni moja, waliotapakaa kuanzia Istanbul hadi Paris hadi Uchina. Desemba ya mwaka huo serikali ya Lenin ikawavua uraia. Kwa usiku mmoja watu hawa wakawa hawana nchi, na dunia ya baada ya vita ilikuwa imeanza kudai pasipoti kila mpakani, tofauti na ilivyokuwa kabla ya 1914. Shirikisho lilikubali kugharimia ofisi ya Nansen, basi. Chakula, makazi na nauli vilikuwa shauri lake. Wazo la hati halikuwa lake peke yake, kwani watu wa Msalaba Mwekundu walikuwa wameshaupigia kelele mkwamo huo. Aliyelipatia njia ni yeye. Julai 1922, Geneva, akaziomba serikali kitu kidogo kiasi kwamba ilikuwa aibu kukataa: mtoe cheti cha mwaka mmoja, kisichompa mtu uraia, kisichowalazimu kumpokea tena akiondoka, kisichowagharimu kitu. Serikali 16 zikakubali, na kwa miaka iliyofuata zikazidi 50. Mwaka 1924 cheti kikafikishwa kwa Waarmenia, mwaka 1928 kwa Waashuru na wengineo. Pasipoti za Nansen, kama zilivyoitwa, zilitolewa kwa mamia ya maelfu ya watu. Mtunzi wa muziki Stravinsky alikuwa nayo, mchoraji Chagall alikuwa nayo, mpiga piano Rachmaninoff alikuwa nayo. Mwandishi wa riwaya Nabokov alikuwa nayo pia na aliichukia. Miaka mingi baadaye alikuwa bado anaikumbuka rangi yake ya kijani kibovu na jinsi maofisa walivyomtazama akiitoa mfukoni.

Chuki ya Nabokov ina haki yake. Ile ilikuwa hati dhaifu, na mwanzoni ingeweza kumtoa mtu nchini bila kumhakikishia kurudi. Kasoro hiyo ilianza kurekebishwa kwa makubaliano ya Mei 1926, yaliyoleta viza ya kurudi. Makubaliano hayohayo yalileta jambo ambalo kwa hoja yangu ndilo kiini: stempu ya Nansen. Mkimbizi mwenye uwezo alinunua stempu ya faranga 5 za dhahabu, ikabandikwa kwenye cheti chake kila kinapofanywa upya. Fukara hakutozwa. Fedha zilizopatikana zikawekwa kwenye mfuko wa kuwasaidia wakimbizi wengine. Wahisani wa Ulaya walipokunja mikono, na walikunja kweli, wakimbizi walilipiana. Waliweza kwa sababu karatasi ilikuwa imewaruhusu kwenda kulipo na kazi.

Kuna jambo sipendi kulipita. Julai ileile ya 1922, Shirikisho lilelile liliidhinisha rasmi Uingereza kuitawala Tanganyika kwa udhamini. Meza moja ilikuwa ikimtafutia njia Mrusi aliyenyang'anywa nchi. Meza nyingine ikigawa nchi za watu ambao hawakuulizwa. Ndiyo maana hoja nzito kuliko zote dhidi ya kumtumia Nansen kama mfano kwetu ni ile isemayo kwamba alifanikiwa kwa kuwa wakimbizi wake walikuwa Wazungu, Wakristo, wengi wao wenye elimu, na kwamba Ufaransa iliyokuwa imepoteza vijana wake vitani ilihitaji mikono viwandani. Hoja hii ina uzito na sitaipunguza. Nansen alipojaribu kuwatafutia Waarmenia ardhi na maji ya umwagiliaji karibu na Yerevan, serikali zilezile zilizompongeza zilikataa kutoa mkopo, na mpango ukafa mwaka 1929. Mwarmenia hakuwa na soko kama mhandisi wa Petersburg. Hata hivyo angalia kilichokufa na kilichobaki. Mpango wa fedha ulikufa. Cheti cha Mwarmenia kilibaki, na kwa cheti hicho aliweza kutoka Beirut hadi Marseille. Kama ubaguzi wa Ulaya ungekuwa ndio maelezo yote, vyote viwili vingekataliwa. Kilichotofautisha ni gharama kwa anayetoa.

Hoja ya pili ni ngumu zaidi, na inahusu kosa la Nansen mwenyewe. Baada ya vita vya Ugiriki na Uturuki, yeye ndiye aliyeusukuma mpango wa kubadilishana watu, uliotiwa sahihi Lausanne Januari 1923. Wakristo wa Kiorthodoksi wapatao milioni 1.2 wakahesabiwa kuwa wa Ugiriki, wengi wakiwa wameshakimbia. Waislamu zaidi ya 350,000 wakapelekwa Uturuki. Kigezo kilikuwa dini. Mkristo wa Anatolia aliyezungumza Kituruki tu, asiyejua neno la Kigiriki, alipakiwa meli kwenda "kwao". Mwislamu wa Krete aliyeota kwa Kigiriki, vivyo hivyo. Na hawakuwa na hiari. Wanaomtetea Nansen husema watu walikuwa wakichinjwa na hapakuwa na la haraka zaidi, na huenda ni kweli. Mimi naona kosa hili lilitoka kwenye kipaji kilekile kilichojenga Fram. Mtu anayejua kusoma mkondo anaweza kuuheshimu kupita kiasi. Serikali zilitaka mataifa yasiyochanganyika, na Nansen akalijengea chombo takwa hilo badala ya kulipinga. Kila kiongozi wa leo anayezungumza kuhusu "kurejea kwa hiari" huku soko la kambi limefungwa na mgao umekatwa yuko karibu na Lausanne kuliko Geneva, na anapaswa kujua kwamba Nansen hawezi kumsafisha. Nansen mwenyewe hakusafika.

Kuna na hoja ya tumbo. Karatasi hailiwi, na mama wa Kakuma anayegawanya kikombe cha maharage kwa watoto watano hana haja na viza ya kurudi. Hapa sibishi hata kidogo. Mwaka 1921, mamilioni walipokuwa wakifa njaa kandokando ya mto Volga, Nansen alisimama mbele ya Shirikisho akaomba pauni milioni 5, akanyimwa kwa kisingizio kwamba fedha zingewanufaisha Wabolsheviki. Sehemu kubwa ya watu hao ililishwa na shirika la Kimarekani la Herbert Hoover, kwa fedha nyingi kweli kweli. Njaa huondolewa kwa chakula, na anayekata mgao leo anaua. Ninachokataa ni hatua inayofuata, ile ya kusema kwamba kwa kuwa chakula kimekatwa basi yote yamekwisha. Mtu aliyezuiwa kutoka kambini, kulima nje yake au kuuza vitumbua mjini ametengenezwa awe tegemezi wa mgao. Mgao unapokatika, hali yake hiyo haitoki mbinguni wala Washington peke yake.

Dhaifu kuliko zote ni hoja ninayoisikia mara nyingi zaidi kutoka kwa wanasiasa wetu, kwamba ukiwapa wakimbizi hati na uhuru wa kutembea utawavuta wengine waje, na wahalifu wajifiche kati yao. Tuanze na kuvutwa. Warundi walimiminika Tanzania mwaka 1972, mwaka 1993 na mwaka 2015. Hakuna hata mara moja kati ya hizo tatu ambapo Tanzania ilikuwa imelegeza masharti ya vibali. Kilichotokea kila mara ni damu ng'ambo ya mpaka. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi. Nani kati yao alikuwa amesoma sheria yetu ya wakimbizi? Ama usalama, historia ya Nansen inaonyesha kinyume cha hofu. Serikali za Ulaya hazikukubali cheti kwa sababu ya huruma pekee. Zilikubali kwa kuwa mtu mwenye cheti ana jina, ana anwani, ana ofisi anayopaswa kurudi kila mwaka. Polisi hawamjui yule anayepita porini usiku kwa sababu hana cha kuonyesha kwenye kizuizi cha barabarani. Ukimnyima mtu karatasi hajatoweka. Ametoweka machoni pako tu.

Wala haya si mageni kwetu. Mwaka 1983 medali ya Nansen ilikabidhiwa Julius Nyerere. Vizazi vipya vikisikia hilo hudhani alipewa kwa ukarimu wa kupokea wageni, na ukarimu ulikuwepo, tena mkubwa. Lakini miaka mitatu kabla, Tanzania ilikuwa imeanza kuwapa uraia wakimbizi wa Kinyarwanda wapatao 36,000. Ile haikuwa hema wala blanketi, ilikuwa saini. Nchi iliyokuwa ikipanga foleni za sukari na sabuni, yenye deni la vita vya Kagera, ilitoa kitu ambacho nchi tajiri zilikuwa zikikibania. Nyerere hakungoja bajeti iruhusu. Wanaotaja umaskini wetu kama sababu ya kutofanya lolote leo wanamsahau yeye kwanza, kabla ya kumsahau Nansen.

Tukiyachukua haya kwa uzito, mjadala wa sasa unabadilika sura. Kenya ilipitisha sheria mpya ya wakimbizi mwaka 2021, na Machi 2025 ikazindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza Dadaab na Kakuma kuwa makazi yanayoishi pamoja na wenyeji. Magazeti mengi yaliuliza swali moja: fedha zitatoka wapi? Swali la Nansen lingekuwa jingine. Je, kijana aliyezaliwa Dadaab ataruhusiwa kupanda basi kwenda Garissa, na zaidi ya Garissa, bila kuomba ruhusa ya kutoka? Je, kitambulisho chake kitamwezesha kusajili laini ya simu na kufungua akaunti? Mambo haya ni uamuzi wa kiserikali zaidi kuliko shughuli ya wafadhili. Uganda, yenye wakimbizi zaidi ya milioni 1.7, ilishaamua tangu sheria yake ya 2006 kuwapa haki ya kufanya kazi na kutembea. Kukatwa kwa misaada kumeiumiza sana Uganda nayo, nisije nikaonekana napamba. Lakini mkimbizi wa Kampala mwenye cherehani ana pa kushika. Tanzania bado inaishi na sheria ya 1998 inayomtaka mkimbizi akae kambini, na mwaka 2018 ilijitoa katika mpango wa kimataifa uliolenga kulegeza hali hiyo. Wakati huohuo sote watatu tumeridhia Mkataba wa Geneva wa 1951, ambao ibara yake ya 28 inazungumzia hati ya kusafiria ya mkimbizi, na ambao katika ibara yake ya kwanza kabisa unamtaja kuwa mkimbizi aliyetambuliwa chini ya makubaliano ya 12 Mei 1926. Hayo ndiyo makubaliano yaliyoleta stempu. Nansen yumo ndani ya sheria tuliyoitia saini, kwa tarehe.

Serikali inayosema haina fedha za kuchapisha hati inaweza kufanya alichofanya yeye: itoze. Watu wanaolipa nauli za magendo, wanaotoa kitu kidogo kila kizuizi, wangelipa ada halali kwa furaha, na fukara wangesamehewa kama walivyosamehewa wa 1926.

Warundi wa 1972 waliwekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakapewa ardhi, wakalima hadi wakawa wanalisha na wengine. Mwaka 2010 serikali ilikubali maombi ya uraia ya zaidi ya 162,000 kati yao, baada ya wao kuukana uraia wa Burundi. Kisha vyeti vikazuiwa, kwa sharti kwamba kwanza wahamishwe kutoka kwenye makazi yale na kutawanywa mikoa mingine. Kwa miaka minne hawakuwa Warundi, na hawakuwa na cha kuonyesha kuwa ni Watanzania. Mwaka 2012, kwenye treni ya kutoka Mpanda kwenda Tabora, nilikaa mkabala na baba mmoja aliyezaliwa Katumba. Alipoulizwa kitambulisho alitoa mfuko wa plastiki shatini, ndani yake karatasi ya fotokopi iliyokunjwa mara nne, maandishi yamefifia kwenye mikunjo. Aliyeuliza aliisoma, akaigeuza nyuma palipokuwa patupu, akamrudishia bila kusema neno. Vyeti vilianza kugawiwa Oktoba 2014, na lile sharti la kuhama likaachwa. Katika miaka yote ile minne hapakuwa na mhisani aliyekunja mkono. Fedha za kuwapa uraia watu wale zilikuwa zimeahidiwa kutoka nje, na uamuzi wenyewe ulikwisha kutolewa. Kilichokosekana ni mtu wa kumkabidhi yule baba karatasi yake.